Ikizima Pale, Nani Atatusukuma

Jumatatu, mwezi wa tano, 1999

Ukungu tangu alfajiri, na baridi ile inayomfanya mtu akumbatie kikombe cha chai kabla ya kukinywa. Jana sikuandika. Vidole vilikuwa vinanuka petroli na moyo ulikuwa umejaa, na mimi moyo ukijaa naandika ovyo. Leo naweza.

Nianze na gari, kwa sababu kila ugomvi wetu mwaka huu umeanzia kwenye gari.

Mume wangu Saidi ana teksi. Ni gari la zamani, jekundu, isipokuwa mlango mmoja wa nyuma ambao ni mweupe kwa kuwa ulitoka kwenye gari lingine. Hubeba akina mama kutoka soko la Gisenyi hadi mpakani wakienda Goma na viazi vyao, na jioni huwarudisha na vitenge. Likiwa linakimbia ni gari zuri tu. Lakini likisimama huku injini inanguruma, linaanza kutetemeka kama mtu aliyeshikwa na malaria. Usukani unatetemeka, vioo vinatetemeka, na abiria wanashika matumbo na kucheka. Ukiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, linazima. Likishazima, ufunguo hausaidii tena mpaka lisukumwe au liachiwe kwenye mteremko.

Mafundi wa hapa wamelitazama, na mafundi wa Goma pia. "Ikikimbia iko bien," Saidi huwaambia. "Iko natetemeka tu ku ralanti," yaani likiwa limesimama linanguruma. Wanabadilisha plagi, wanaosha kabureta, wanakaza skrubu ya mafuta, wanachukua chao. Baada ya siku chache ni yale yale.

Kwa hiyo Saidi hazimi gari. Mchana anakuja nyumbani, analiacha mlangoni likinguruma na jiwe juu ya pedeli, anakula wima, anaondoka.

Nimeishi na mtu anayekula wima tangu mwezi wa kumi na moja.

Mwezi huo ndipo Rehema alipotutoka. Alikuwa mtoto wetu wa kwanza, na alikuwa bado hajajua kucheka kwa sauti. Homa ilimshika jioni, na kulipokucha hakuwa wetu tena. Mimi nilikuwa nimelala na homa yangu mwenyewe, siwezi hata kusimama. Wanaume wa msikitini walikuja, wakamwosha, wakamvika sanda, wakamswalia, wakamchukua. Mvua ilikuwa inanyesha. Ndivyo Waislamu wa mji huu wafanyavyo, hawachelewi, na wanawake hawafuati jeneza. Mimi ni Mkatoliki. Nimezaliwa Tabora, kwa wazazi wakimbizi wa Kinyarwanda waliorudi huku nikiwa mtu mzima, na kwetu msiba ukitokea ukoo mzima huenda kaburini. Sikulalamika lakini. Nilipoolewa na Saidi nilijua naingia nyumba gani. Nilimwomba jambo moja tu: nikipona, anipeleke nipaone mtoto alipolala.

Akasema sawa.

Nilipopona nikamwambia twende. Akaniambia makaburi yako mahali tambarare. "Pale hakuna muteremuko, Konso. Ikizima pale, nani atatusukuma?"

Nikasema basi twende kwa miguu. Akasema bado sina nguvu. Nilipopata nguvu akasema mvua. Mvua ilipokatika akasema wateja. Nikamwomba anieleze tu njia, niende mwenyewe. Akanijibu kwamba njia peke yake haitanionyesha kaburi, na hapo alisema kweli, kwa sababu yeye ndiye aliyemlaza kwa mikono yake. Kila nikiuliza, gari lilikuwa na jibu. Nikafika mahali pa kulichukia lile gari kama mke mwenza.

Wiki ya Pasaka nilimwuliza tena. Alikuwa amesimama na sahani mkononi, na nje injini inanguruma. Aliweka sahani chini taratibu, akatoka, nikasikia jiwe linatolewa kwenye pedeli. Nikafunga nguo zangu kwenye kitenge, nikapanda kijijini Nyakiriba, kwa baba yangu.

Sikuondoka kwa kupigwa wala kwa njaa. Watu wa mtaani watasema lolote, lakini Saidi hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Ni mpole mno, na huo upole wake ndio ulionimaliza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nikiungoja mshindo wake kila mchana.

Kwetu Wanyarwanda mke aliyekasirika akarudi kwao harudi kwa mume kwa miguu yake, hata akitaka. Mume lazima amfuate, aje na mtu wa kumsemea, aje na kinywaji, waketi na baba mkwe, aulizwe, ajibu. Na mimi nilitaka kurudi. Acha niseme ukweli, hapa hakuna anayenisikia. Sikumaliza hata wiki mbili, nikaanza kuitamani harufu ya shati lake. Usiku nilijikunyata upande wangu wa kitanda, nikimwachia nafasi.

Lakini kulikuwa na swali ambalo sikutaka kurudi nalo. Je, tatizo ni gari, au ni Saidi? Kama ni gari, gari hutengenezwa. Kama ni yeye hataki nimwone mwanangu, basi nijue, nilie mara moja yaishe.

Jana, baada ya misa, nikalisikia kabla sijaliona. Lilikuwa linapanda kilima kwa sauti yake nzuri ile ya mwendo, halafu likafika kwenye mikaratusi ya baba, likapunguza, na ile homa ikaanza. Mama alikuwa anamenya viazi. Akanitazama, akaendelea kumenya, lakini niliona anatabasamu.

Saidi alishuka na baba yake mdogo, mzee Ramazani, mshonaji wa pale sokoni, ambaye alikuwa amevaa kofia safi na amebeba kreti ya Fanta begani kama kijana. Aliletwa amsemee. Saidi mwenyewe alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi, na kola imelala upande mmoja. Nilitamani kwenda kuinyoosha ile kola, nikajizuia. Kisha nikamwona anainama ndani ya gari, anaweka jiwe juu ya pedeli, na kuliacha likinguruma.

Baba alisimama mlangoni. Hakuwakaribisha. Alilitazama gari, akamtazama Saidi, akaitazama kreti.

"Mzee mwenzangu," akamwambia Ramazani, bila kupandisha sauti, "huyu kijana wako amekuja kuchukua mke au amekuja kuchukua abiria?"

Ramazani akaweka kreti chini. "Mzee, utusamehe. Hii voiture iko mugonjwa. Akiizima, haitawaka tena, tutalala hapa."

"Mtalala. Viazi vipo. Lakini mimi sizungumzi na mtu ambaye mguu wake mmoja uko ndani na wa pili uko barabarani. Na hizo Fanta, mnadhani nimepata komunyo ya kwanza leo?"

Ramazani akacheka kidogo, maana ni kweli kwa desturi angeleta pombe ya ndizi, lakini Mwislamu ataibebaje. Saidi hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Ningeweza kukasirika. Badala yake nikamwonea huruma.

Nikamwambia baba aingie na wageni, gari aniachie mimi.

Baba hakushangaa. Kule Tabora kaka yangu alikuwa na gereji chini ya bati mbili, na mimi nilikulia miguuni pake nikimpa spana. Nilijua jina la spana kabla ya jina la katekista. Saidi anajua hayo pia, lakini tangu gari liugue halijawahi kukaa nyumbani muda wa kutosha mtu afungue boneti. Alifungua mdomo aseme kitu. Ramazani akamvuta mkono. "We ingia," akamwambia.

Wakaingia. Mazungumzo yanayonihusu mimi hufanyika bila mimi, naitwa mwishoni. Kwa hiyo nilikuwa na muda, na nilikuwa na gari mbele yangu, linanguruma, limeachwa peke yake.

Nikajifunga kitenge kifuani, nikafungua boneti.

Kaka yangu alikuwa akisema injini inayotetemeka ikisimama ni ama haipati moto, ama haipati mafuta, ama inavuta hewa pasipo ruhusa. Nikaanza na moto. Nikachukua kitambaa kinene kikavu, nikavuta waya wa plagi ya kwanza. Injini ikalegea zaidi. Nikaurudisha, nikavuta wa pili, ikalegea. Wa tatu na wa nne vile vile. Maana yake plagi zote zinafanya kazi, kwa sababu ukivuta ile iliyokufa hakibadiliki kitu. Nikamwonea huruma Saidi kwa plagi zote alizowahi kuuziwa.

Kisha nikamwomba mama aondoe jiwe kwenye pedeli, mimi nimeshika wenzo wa mafuta pale kwenye kabureta, nikaurudisha polepole, mpaka gari likaanza kutetemeka nami nikaanza kutetemeka nalo. Nikasogeza sikio. Chini ya ule mtikisiko kulikuwa na sauti nyingine nyembamba, kama mtu anayevuta chai ya moto kwa midomo. Sss. Nikiongeza mafuta inapotea. Nikipunguza inarudi.

Hewa. Lilikuwa linavuta hewa mahali fulani.

Nikamwita mama alete kikombe cha maji. Akaja nacho kile cha maziwa, akasimama kando yangu, hana hofu yoyote, kana kwamba amefanya kazi hiyo maisha yake yote. Nikamwonyesha pa kumwagia, tone kwa tone. Mahali panapovuja panakunywa maji, na kwa sekunde moja injini inabadilisha sauti. Tukamwagia chini ya kabureta. Hakuna badiliko. Tukafuata pale inapoungana na injini, pote, polepole. Hakuna. Mama hakuharakisha. Huku anamwagia akaniambia kwamba walipofika Tabora, kabla sijazaliwa, baba alilima mwaka mzima bila kuketi, hata kwenye misa alisimama nyuma. Nikamwuliza yeye mama alifanya nini. Akasema alimngoja, lakini alingoja kwa kelele.

Maji yalipofika kwenye mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye breki, gari likakohoa.

"Hapo," mama akasema.

Mpira ule ulikuwa umezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kufungwa kwa uzi, kazi safi kabisa, nadhifu. Sijui nani aliifanya. Ndiyo sababu hakuna aliyeligundua tatizo. Kila fundi aliyefungua boneti aliona bandeji akadhani kidonda kimepona. Nikafungua uzi. Chini yake mpira ulikuwa umepasuka kwa urefu, upande wa chini usioonekana. Gari likikimbia, hewa ile kidogo si kitu. Likisimama, injini inavuta kwa nguvu, ule mpasuko unafunguka, na inameza hewa tupu mpaka inapaliwa. Ndiyo maana likizima haliwaki. Mficha maradhi, kifo humwumbua, hata gari.

Nikalizima. Ukimya uliokuja nilikuwa nimeusahau. Nikasikia kuku. Nikasikia ndani sauti ya Ramazani inaomba msamaha kwa maneno mazuri ya kishonaji, anapima, anakata, anashona.

Mpira mpya ningeutoa wapi Nyakiriba siku ya Jumapili? Mama akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na bomba kuukuu la baba la kunyunyizia viazi dawa ya ukungu, lile lililotoboka tangi. Lina mpira mgumu wa kuhimili presha. Tukaukata, tukausafisha kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu ya dawa ikaisha. Uliingia kwa kubana, kama kiatu kipya. Nikahamishia kile kivalvu kidogo cha katikati, kinachopitisha hewa upande mmoja tu, nikakiangalia kiko upande sahihi, nikafunga ncha zote mbili kwa waya. Utatosha mpaka anunue wa dukani. Kisha nikairudisha skrubu ambayo mafundi walikuwa wakiikaza kila mara ili gari lisizime.

Nikaliachia mteremko kidogo, likawaka. Nikakanyaga breki, nikaondoa mguu kwenye mafuta.

Lilitulia.

Nilikaa pale nimeshika usukani. Haukutetemeka. Mama aliweka kikombe chake juu ya injini, maji yakatulia ndani yake, akacheka kimya kimya huku amefunika mdomo kwa kitenge. Nililizima. Nikaliwasha kwa ufunguo, likaitika mara moja. Nikalizima tena.

Saidi akatoka mbio. Nafikiri aliposikia kimya alijua mambo yameharibika. Akauliza kama imezima. Nikamwambia nimeizima mimi, nikampa ufunguo.

Aliingia, akawasha. Akaondoa mguu. Akangoja ianze kutetemeka, na haikuanza. Akaweka kiganja kwenye dashibodi, kama unavyompima mtoto homa. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, nangoja furaha yake. Nilikuwa nimejiandaa kuiona. Nilikuwa hata nimepanga nijifanye sioni.

Uso wake ulikuwa na hofu.

Hapo nikajua. Haikuwa gari. Gari lilikuwa bovu kweli, sikatai, lakini Saidi alikuwa amejificha nyuma ya ubovu wake, na mimi nimekwenda nimeuondoa huku natabasamu. Nikajiambia, Konsolata, ulitaka kujua, haya jua sasa.

Niliitwa ndani. Baba aliniuliza mbele ya wote kama niko tayari kurudi. Nikasema niko tayari, lakini nikamwomba Saidi mbele yao anipeleke njiani mahali anapopajua. Sikupataja. Ramazani alipajua mara moja, nikaona anainamisha kofia. Saidi akasema, "Ndiyo, Mzee, nitamupeleka." Baba akafungua Fanta, akainywa yote kwa uso wa mtu anayekunywa dawa, na shauri likawa limekwisha.

Tulishuka kilima. Ramazani alishukia sokoni, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba dini haimkatazi mama kumwombea mtoto wake, nisiwe na wasiwasi. Kisha tukabaki wawili. Saidi aliendesha polepole sana. Tulifika pale tambarare, hakuna mteremko upande wowote, uwanja wa nyasi na udongo mweusi na vilima vya makaburi vingi kuliko nilivyotarajia. Mwaka jana ulikuwa mwaka mbaya kwa kila nyumba.

Alizima gari.

Hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anatetemeka. Nikamwambia taratibu kwamba kama hawezi, anionyeshe kwa kidole tu, nitakwenda peke yangu.

"Mi sijui tena ni gani," akasema.

Sikumwelewa. Akarudia. Alisema siku ile aliweka kijiti cha alama, kwa haraka, mvua ilikuwa inamwagika, na siku hiyo hiyo walikuwa wamezika mtoto mwingine pale pale kando, mdogo vile vile. Aliporudi baada ya juma moja kuweka jiwe, maji yalikuwa yamesomba vijiti vyote. Vilima viwili vinafanana. Alisimama pale mpaka alasiri, hakujua. Akarudi siku nyingine, hakujua. "Nilikuwa naogopa we utaniuliza, Konso. Mama anauliza mutoto wake iko wapi, na baba anasema nini? Anasema nilimupoteza?"

Akalia. Sijawahi kumsikia Saidi akilia, hata siku ya msiba. Alilia kwa sauti, paji la uso juu ya usukani, na mimi nikamshika shingo, pale kola ilipolala vibaya, nikainyoosha. Sikuwa na hasira. Niliitafuta, naapa, kwa miezi yote ile niliyonyimwa. Sikuipata. Alikuwa amebeba mzigo huo peke yake, kila siku, mpakani na sokoni, mpakani na sokoni, akiogopa kusimama.

Nikamwambia tushuke.

Tulitembea katikati ya makaburi tumeshikana mikono, jambo ambalo watu wa hapa hawalifanyi, na sikujali. Akanipeleka mwisho wa uwanja, karibu na ua wa minyaa. Vilikuwapo. Viwili, vidogo, kimoja kando ya kingine, kama watoto waliolazwa kitanda kimoja.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta nyasi. Makaburi yote ya jirani nyasi zilikuwa zimefika magotini, maana mvua za mwezi huu hazimwachii mtu nafasi ya kupalilia. Lakini hivi viwili vilikuwa vimepaliliwa. Udongo ulikuwa umepigwapigwa kwa kiganja, na kila kimoja kimezungushiwa mawe madogo meusi, yaliyochaguliwa kwa ukubwa mmoja. Vyote viwili sawasawa. Hakuna kilichopendelewa.

Nikamtazama Saidi. Akatikisa kichwa. Hakuwa yeye.

Tulikaa chini, kwenye udongo, muda mrefu. Yeye aliomba kwa dua zake, mimi kwa sala zangu, kwanza kwenye kile cha kulia, halafu tukahamia cha kushoto tukaanza upya. Nilimwambia Rehema habari za nyumbani. Nilimwambia mara mbili, mahali pawili, ili asizikose.

Asubuhi hii Saidi bado amelala. Gari liko mlangoni, limezimwa. Sijamwamsha, wateja wa mpakani wapande nyingine leo. Mimi nafikiria jambo moja tu tangu nilipofungua macho.

Kuna mama mwingine mjini hapa ambaye kijiti cha mwanawe kilisombwa na mvua ile ile. Hakungoja gari la mtu. Alikwenda, hakujua ni kipi, akavipalilia vyote viwili. Miezi yote hii nilipolia nikidhani mwanangu amelala peke yake bila mtu wa kumwangalia, Rehema alikuwa na mama.

Ijumaa, siku ambayo Waislamu wengi huzuru makaburi, tutakwenda mapema, tumngoje. Nitamwambia nini?